Silaha za jadi za Wanaga: zinavyotambuliwa, zilivyokusanywa na kwa nini wenyewe wanazifuatilia

Katika ghala za makumbusho mengi ya Ulaya na ya India yamehifadhiwa mapanga, mikuki na ngao zenye kibandiko kifupi kisemacho "Naga, Assam". Maneno hayo mawili hayatoshi. Hayasemi silaha ilifuliwa na mhunzi wa kijiji gani, ilibebwa na mtu wa kabila lipi, wala ilitoka mikononi mwake kwa njia gani: kwa kuuzwa, kwa kutolewa zawadi, au baada ya kijiji chake kuchomwa moto.

Kwa muda mrefu maswali hayo yalikuwa ya wataalamu wachache na ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Leo yanaulizwa na Wanaga wenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 2024, nyumba moja ya minada katika mkoa wa Oxfordshire nchini Uingereza ilitangaza kuuza fuvu la binadamu lililopambwa kwa pembe, lililotambulishwa kuwa la Kinaga. Malalamiko yalitoka Nagaland, na Waziri Kiongozi wa jimbo hilo, Neiphiu Rio, aliiandikia serikali ya India akiomba iingilie kati. Fuvu hilo liliondolewa kwenye mnada. Tukio hilo liliamsha upya mjadala kuhusu kila kitu kilichochukuliwa kutoka milima hiyo, silaha zikiwa miongoni mwa vilivyo vingi zaidi.

Makala haya yanaeleza silaha hizo ni zipi, zinatofautishwaje, na kwa nini kuzitambua kwa usahihi ni suala la haki kama lilivyo suala la elimu.

Wanaga ni akina nani?

Wanaga ni jina la pamoja la makabila mengi yanayoishi katika milima inayotenganisha India na Myanmar. Upande wa India wanapatikana hasa katika jimbo la Nagaland, na pia katika majimbo ya Manipur, Arunachal Pradesh na Assam. Upande wa Myanmar wanaishi katika mkoa wa Sagaing, ambako katiba ya mwaka 2008 iliunda eneo lao lenye utawala wa ndani, likiwa na wilaya ndogo za Leshi, Lahe na Nanyun.

Miongoni mwa makabila hayo ni Waangami, Waao, Wasumi ambao zamani waliandikwa kwa jina la Wasema, Walotha, Warengma, Wachang, Waphom, Wakonyak na Watangkhul. Kila kabila lina lugha yake, na mara nyingi jirani na jirani hawaelewani mpaka watumie lugha ya tatu. Hata tawala zao za jadi zilitofautiana. Wakonyak walikuwa na machifu wa kurithi wanaoitwa Angh, ilhali Waangami walijulikana kwa vijiji visivyokubali mtawala mmoja.

Mpaka wa kimataifa ulipochorwa, uliwapita katikati. Mfano unaotajwa sana ni kijiji cha Longwa katika wilaya ya Mon, ambako mstari wa mpaka unapita ndani ya nyumba ya Angh. Kwa hiyo panga lililofuliwa upande mmoja laweza kuwa limetumika upande wa pili maisha yake yote, na kibandiko cha "India" au "Myanmar" hakiwezi peke yake kueleza asili yake.

Dao: chombo cha shamba na cha vita

Silaha inayojulikana kuliko zote ni dao. Neno lenyewe limeenea kutoka bonde la Assam, na Waingereza walilitumia kwa kila panga la eneo hilo, ingawa kila kabila lina jina lake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuanza kwa kufikiria simi ya Wamasai: bapa lake ni jembamba karibu na mpini, kisha linatanuka kadiri linavyokwenda mbele. Tofauti ni kwamba simi ina ncha na makali pande mbili, lakini dao kwa kawaida haina ncha ya kuchomea. Mwisho wake umekatwa karibu wima, na uzito wote umewekwa mbele ili pigo liwe zito. Ni panga la kukatia.

Dao nyingi za Kinaga zina jambo jingine la kuangaliwa: zimenolewa upande mmoja tu, kama patasi ya seremala. Upande mmoja wa bapa ni tambarare kabisa na wa pili umeteremka kuelekea kwenye makali. Mwenye kuishika kwa mara ya kwanza huona inavutia upande mmoja inapokata mti. Mwenye kuizoea huutumia mvuto huo kuchonga, kupasua mianzi na kusawazisha mbao.

Hapo ndipo penye ukweli ambao kibandiko cha "silaha" huuficha. Dao ilikuwa, na bado ni, chombo cha kila siku. Kwayo mkulima hufyeka msitu ili apande mpunga na mtama katika kilimo cha kuhamahama, hujengea nyumba, huchinjia mnyama na kukatia kuni. Dao hiyohiyo ndiyo iliyobebwa vitani enzi za uvamizi wa kijiji kwa kijiji, na katika desturi ya kukata vichwa vya maadui ambayo iliendelea katika baadhi ya maeneo ya mashariki hadi katikati ya karne ya 20. Kutenganisha panga la shamba na panga la vita kwa kuangalia chuma pekee mara nyingi haiwezekani.

Kinachosaidia ni mapambo na namna ya kubebwa. Dao ya sherehe, hasa ya Wakonyak, huwa na mpini mrefu uliozungushiwa manyoya ya mbuzi yaliyotiwa rangi nyekundu, pamoja na msuko wa henzirani. Dao ya kazi ina mpini mtupu wa mti au wa shina la mwanzi, uliolainika kwa jasho la mkono. Umbo nalo hutofautiana: Waangami wanajulikana kwa bapa fupi linalotanuka sana mbele, karibu na umbo la pembetatu, na katika vijiji vingine mapanga ni marefu na membamba zaidi.

Mikuki, ngao na mitego

Mkuki ulikuwa silaha ya pili ya kila mwanamume. Mkuki wa Kinaga una chuma pande zote mbili: juu ni kichwa cha kuchomea, na chini ni mwiba wa chuma unaouwezesha kusimikwa ardhini. Mikuki ya kawaida haina madoido. Mikuki ya heshima, ambayo Waangami na Wasumi wanajulikana nayo, huwa imefunikwa mti wake kwa manyoya ya mbuzi mekundu na meusi, wakati mwingine karibu urefu wote, ikiachwa nafasi ndogo tu ya kushikia. Mkuki wa namna hiyo ulikuwa alama ya hadhi, nao ulionekana kwenye sherehe na mapokezi ya wageni kuliko vitani.

Ngao zilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana karibu. Baadhi ni za ngozi ngumu ya nyati. Nyingine ni za mianzi au henzirani iliyosukwa, ndefu zenye umbo la mstatili, na zile za sherehe hufunikwa ngozi ya dubu, ya chui au ya chui milia. Ngao nyepesi ya msuko ilitosha kuzuia mkuki uliorushwa. Haikuweza kuzuia risasi, na bunduki zilipoenea ngao zilibaki mapambo.

Makabila ya mashariki, kama Wachang na majirani zao wa kuelekea Myanmar, yalitumia pia upinde uliolazwa juu ya kigogo na kufyatuliwa kwa kidole. Mishale yake ilipakwa sumu inayotokana na mmea wa akonaiti unaoota milima ya juu. Wanaga wa magharibi hawakuutegemea upinde huo, hivyo kuuona katika mkusanyiko ulioandikwa "Angami" ni sababu tosha ya kushuku kibandiko.

Silaha ambayo makumbusho huisahau ni vijiti vya mianzi vilivyochongwa na kukaushwa kwa moto, vinavyoitwa panji. Vilipandwa kwa mamia katika njia za kuendea kijijini, vikafichwa kwa majani, na vikawachoma nyayo waliokuja kuvamia. Mwanzi huota kila mahali na panji moja huchongwa kwa dakika chache. Wakusanyaji waliona hazina thamani ya kubebwa, ingawa askari waliopanda milima hiyo waliziogopa sana.

Na yapo magobore. Bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu zilikuwa mikononi mwa Wanaga tangu karne ya 19, na wahunzi wa Kikonyak walijifunza kuzitengeneza wenyewe. Wilaya ya Mon bado inajulikana kwa ufundi huo. Mkusanyaji anayetafuta vitu vya "asili" huyaacha magobore kwa kudhani ni ya kigeni, na kwa kufanya hivyo hufuta zaidi ya karne moja ya historia ya watu hao.

Zilivyotoka milimani

Historia ya mikusanyiko hiyo haitengani na historia ya utawala wa Waingereza. Mwezi Oktoba mwaka 1879, ofisa wa Kiingereza G. H. Damant aliuawa alipofika katika lango la kijiji cha Khonoma, ngome ya Waangami. Mwezi uliofuata jeshi lilikishambulia kijiji hicho. Watetezi wake walipanda mlimani zaidi na wakashikilia hadi mwaka 1880 walipokubali amani. Baada ya kampeni kama hizo maofisa walirudi na mikuki na ngao, zikaenda kupamba kuta za nyumba zao na baadaye zikaishia katika makumbusho.

Karne ya 20 ilileta wakusanyaji wa aina nyingine, walioandika kwa uangalifu. J. H. Hutton na J. P. Mills walikuwa watawala wa Kiingereza katika Milima ya Naga na papo hapo wachunguzi wa mila. Hutton alichapisha vitabu viwili mwaka 1921, kimoja juu ya Waangami na kingine juu ya Wasema. Mills aliwaandika Walotha mwaka 1922, Waao mwaka 1926 na Warengma mwaka 1937. Wote wawili walipeleka vitu vingi katika Makumbusho ya Pitt Rivers ya Chuo Kikuu cha Oxford, na mkuu wa makumbusho hayo, Henry Balfour, aliitembelea milima hiyo mwaka 1922. Leo makumbusho hayo yana zaidi ya vitu 6,000 vya Kinaga, mkusanyiko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko mwingine wowote duniani.

Maandishi ya Hutton na Mills ni hazina, kwani mara nyingi hutaja kijiji, kabila na matumizi ya kitu. Lakini aliyekuwa akinunua dao ndiye aliyekuwa pia akitoza kodi, akihukumu kesi na kuongoza askari. Ni vigumu kusema muuzaji alikuwa huru kiasi gani kukataa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1936. Mills aliongoza msafara wa kijeshi hadi Pangsha, kijiji kilicho mbali mashariki, kikishutumiwa kwa uvamizi na kuteka watumwa. Mwanaanthropolojia wa Austria, Christoph von Fürer-Haimendorf, alifuatana naye. Kijiji kilichomwa moto. Fürer-Haimendorf aliueleza msafara huo katika kitabu chake cha mwaka 1939, na vitu alivyokusanya wakati wa utafiti wake vipo katika makumbusho ya Vienna.

Sababu nyingine ilitoka ndani ya jamii yenyewe. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi miongoni mwa Waao mwaka 1872, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, karibu asilimia 88 ya wakazi wa Nagaland ni Wakristo. Familia nyingi zilizobatizwa ziliachana na vitu vilivyofungamana na vita na matambiko. Vingine vilichomwa, vingine viliuzwa kwa bei ndogo kwa yeyote aliyevitaka.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944 Kohima, mji mkuu wa Nagaland ya leo, ilikuwa uwanja wa mapigano makali kati ya majeshi ya Uingereza na India kwa upande mmoja na Japani kwa upande wa pili. Wanaga wengi walikuwa wapelelezi, wapagazi na viongozi wa njia. Wajapani walipoanza kurudi nyuma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles waliotumia Kiswahili kama lugha ya jeshi, iliwafuata kupitia Tamu na bonde la Kabaw hadi Kalewa, kusini mwa nchi ya Wanaga wa Myanmar. Askari wa mataifa mbalimbali walirudi makwao na mapanga ya eneo hilo kama kumbukumbu. Mengi kati ya hayo hayana maandishi yoyote, na ndiyo yanayojitokeza sasa minadani wajukuu wanapogawana mali za marehemu.

Hatua za kutambua

Anayekabidhiwa panga lisilo na historia hana budi kulisoma lenyewe. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ni la Kinaga kweli. Wakachin wa kaskazini mwa Myanmar wana panga linalofanana sana na dao, nalo linatanuka mbele na halina ncha. Ala ndiyo hutatua shaka. Mnaga huibeba dao mgongoni, kiunoni, ndani ya kipande cha mti kilichochimbwa na kufungwa kwa mkanda. Mkachin hulitundika begani kwa pete kubwa ya henzirani, ndani ya ala ya mti iliyo wazi upande mmoja. Panga lililopoteza ala yake limepoteza nusu ya ushahidi. Wagaro wa Meghalaya nao wana upanga wao, lakini huo una makali pande mbili na mpini wake ni wa chuma kilekile cha bapa, hivyo haufananishwi na dao kwa urahisi.

Jambo la pili ni chuma. Bapa lililofuliwa kwa mkono huonesha alama za nyundo, na unene wake haulingani kila mahali. Chuma chenyewe kwa kiasi kikubwa kilitoka nchi tambarare kwa njia ya biashara, na vijiji vyenye wahunzi stadi viliwauzia wengine. Warengma na Wakonyak walisifika kwa uhunzi, na Wakhamti wa jirani waliuza mapanga yao mbali. Kwa sababu hiyo, mahali silaha ilipotengenezwa na mahali ilipotumika si lazima pawe pamoja. Mapanga ya miongo ya karibuni mara nyingi hufuliwa kwa springi za magari. Hilo halilifanyi panga kuwa bandia, kwani mhunzi hutumia chuma anachokipata. Linakuwa udanganyifu pale linapouzwa kwa jina la kitu cha karne ya 19.

Jambo la tatu ni manyoya, rangi na msuko. Rangi nyekundu ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mimea, nayo ina wekundu uliotulia ambao hupauka polepole. Rangi za viwandani hung'aa zaidi. Msuko wa manjano kwenye mapambo hutokana na ganda la shina la okidi, unaochanganywa na henzirani iliyopakwa rangi nyekundu. Penye plastiki au uzi wa dukani, ama kitu ni kipya ama kimetengenezwa upya, na yafaa kuuliza ni lini.

Jambo la nne ni moshi. Nyumba za jadi zilikuwa na jiko la moto katikati, na vitu vilining'inizwa juu yake kwa miaka. Masizi yaliingia ndani ya msuko na nyufa za mti. Wauzaji wa bidhaa za kitalii huiga weusi huo kwa kupaka udongo, majani ya chai au rangi ya viatu, lakini weusi wa kupakwa hukaa juu na hautofautishi sehemu iliyoshikwa na mkono na ile isiyoguswa. Ndiyo maana wahifadhi husihi mwenye panga la kale asilisugue wala kulinoa: anayeling'arisha anafuta maandishi pekee yaliyobaki.

Jambo la mwisho, na lenye uzito kuliko yote, ni kuwauliza wenyewe. Wazee wa kijiji na wahunzi wanaweza kutambua umbo la mpini au mpangilio wa rangi ambao mgeni hauoni. Picha zilizopigwa na Hutton, Mills na Fürer-Haimendorf husaidia kulinganisha, lakini majina ya sehemu za silaha na nani alikuwa na haki ya kuivaa yamehifadhiwa katika lugha za watu hao. Katika jamii nyingi za Kinaga, pambo fulani lilivaliwa na aliyelistahili tu. Kulionesha bila maelezo hayo ni sawa na kuonesha nishani bila kusema ilitolewa kwa tendo gani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya India ya mwaka 1972 kuhusu vitu vya kale inahesabu kitu chenye umri wa miaka 100 au zaidi kuwa ni cha kale, na hairuhusu mtu binafsi kukisafirisha nje ya nchi. Sheria nyingine ya mwaka huohuo inalinda wanyamapori. Ngao yenye ngozi ya chui milia au kofia yenye manyoya ya hondohondo mkubwa inaweza kumtia mnunuzi matatani hata kama kitu chenyewe ni cha halali kwa mambo mengine yote. Hondohondo huyo yumo pia katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, inayozuia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Jamii zenyewe zimeanza kubadilika. Katika Tamasha la Hornbill, lililoanza mwaka 2000 na ambalo hufanyika kila mwezi Desemba katika kijiji cha utamaduni cha Kisama karibu na Kohima, wengi sasa huvaa manyoya ya kuigiza badala ya yale ya ndege halisi. Watalii hununua dao na mikuki iliyotengenezwa mwaka huohuo. Wataalamu wa hifadhi wanaona biashara hiyo ni salama zaidi: mhunzi anapata kipato, ndege anabaki msituni, na vitu vya mababu havitoki nyumbani.

Madai ya kurejeshewa

Mwaka 2020 Makumbusho ya Pitt Rivers yaliondoa mabaki ya binadamu katika maonesho yake, yakiwemo ya Wanaga. Baada ya hapo, Jukwaa la Maridhiano la Wanaga lilianza mazungumzo na makumbusho hayo pamoja na mikutano ya kijamii kuhusu namna ya kuyarejesha. Mwezi Juni mwaka 2025 ujumbe wa wazee, viongozi na wasomi wa Kinaga ulisafiri hadi Oxford na kuyaona mabaki hayo.

Mazungumzo yameanzia kwenye mabaki ya watu, na hilo linaeleweka: fuvu ni la mtu aliyekuwa na ukoo, jina na kaburi lililopaswa kuwa lake. Ugumu wake ni mkubwa. Mafuvu mengi yalikuwa ya maadui waliouawa, hivyo kijiji kilichokitunza kichwa si kijiji alikotoka marehemu. Nani ampokee? Vijiji viwili vilivyokuwa na uhasama vinaombwa kukaa pamoja na kuamua. Aidha, familia nyingi ni za Kikristo, na ibada ya kumzika mtu wa zama za mababu inahitaji makubaliano mapya.

Silaha zinafuata katika mstari huo, lakini si kwa njia moja. Wapo Wanaga wanaotaka mikuki na dao zirudi. Wapo wanaoona inatosha kwa sasa kupata picha, orodha kamili na haki ya kusahihisha vibandiko, kwa kuwa kijiji hakina jengo lenye ulinzi wa unyevu na wadudu. Kohima ina makumbusho ya jimbo, lakini vijiji vya mbali, na hasa vya upande wa Myanmar vilivyo katika nchi yenye vita, vina nafasi ndogo ya kudai chochote. Tena mwaka 2024 serikali ya India ilitangaza kufuta utaratibu uliowaruhusu wakazi wa mpakani kuvuka bila viza, kisha ikaweka masharti makali zaidi, hatua iliyopingwa na makundi mengi ya Wanaga. Panga linaweza kurudi kutoka Ulaya na likashindwa kuvuka mpaka uliopo umbali wa saa chache kwa miguu.

Mjadala huu si mgeni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Vigango vya Wamijikenda viliibwa katika pwani ya Kenya, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na baadhi vimerejeshwa kutoka makumbusho ya Marekani baada ya miaka mingi ya ufuatiliaji. Huko nako kazi ilianza kwa kutambua: kigango kipi kilikuwa cha nani, na kiling'olewa kutoka kwenye boma la ukoo gani.

Kwa mtu binafsi mwenye dao iliyoachwa na babu aliyekuwa askari, hatua ya kwanza haina gharama. Apige picha pande zote, aandike kila anachokumbuka kuhusu ilikotoka na nani aliileta, na asitenganishe panga na ala yake wala barua zake. Baada ya hapo anaweza kuwasiliana na makumbusho au na jumuiya za Wanaga wenyewe. Kumbukumbu ya familia inayoandikwa leo inaweza kuwa ndiyo itakayokiwezesha kijiji kimoja cha milimani kukitambua kilicho chake.